Sweta Hanyunyiziwi

Jumamosi ya kwanza ya Aprili mwaka huu nilirudi kwetu, juu ya Mikinduri, kumchukua mbwa wetu Sweta, nikakuta amekufa tangu Alhamisi. Nilikuwa nimebeba mkasi mpya, kitana cha mbao, na katoni niliyoitoboa matundu pembeni ili apate hewa njiani. Mkasi na kitana viko chini ya kitanda changu hapa Majimbo, Embu. Katoni haikurudi.

Siandiki ili unionee huruma. Naandika kwa sababu kila niliyemwambia amenijibu maneno yale yale, pole, lakini ni mbwa tu, na nimechoka kuitikia. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nilisoma hadi kidato cha pili, nashona sare za shule kwenye duka la mtu, na siku nyingi cherehani yangu husikika kuliko mimi. Lakini hili nitalisema lote, nawe unisikilize kama mtu tuliyeteka maji naye mto mmoja.

Nililelewa na nyanya, mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa wakitafuta maisha Isiolo, wakaniacha kwake nikiwa mdogo. Nimepewa jina lake, kama ilivyo kawaida kwetu, na kwa sababu hiyo baba mdogo, kitinda mimba wa nyanya, hajawahi kuniita kwa jina. Huniita Mama. Nilipokuwa mtoto lilikuwa jambo la kuchekesha. Alikuwa kijana mwenye ndevu zinazoanza kuota, anasimama mlangoni na kofia mkononi, anasema, "Mama, naomba ruhusa niende sokoni." Mimi namjibu, "Nenda, lakini usichelewe." Nyanya anacheka hadi anafuta macho kwa leso.

Sweta aliletwa na shangazi nilipokuwa darasa la nne. Shangazi alifanya kazi ya nyumba Nairobi, kwa watu waliokuwa na mbwa jike wa aina ya pudo, wale wenye nywele za kujikunja kama za kondoo. Yule jike alitoroka siku moja akarudi na mimba ya mbwa wa mtaani. Wenyewe wakaona haya, wakagawa watoto wake. Shangazi akamleta mmoja ndani ya kikapu, amemfunga kwenye sweta yake kuukuu ya rangi ya maziwa ya chai. Nyanya alipofunua kikapu alikaa kwanza akitazama, hajui sweta inaishia wapi na mbwa anaanzia wapi. Jina likapatikana hapo hapo.

Unajua mbwa wa kwetu alivyo. Ana kazi, lakini hana nafasi. Mchana amefungiwa kwenye kibanda cha mbao, jioni anafunguliwa alinde miraa, na mkono wa mtu haumfikii ila ukiwa na fimbo. Tulikuwa na wawili wa namna hiyo, wekundu, nywele fupi, wakali. Sweta hakufanana nao hata kidogo. Shangazi alimwambia nyanya, "Nywele za huyu hazianguki. Zinakua kama za mtu. Usipomchana zinashikana mpaka kwenye ngozi, usipomkata hataona njia."

"Basi ni mtoto mwingine wa kunyoa," nyanya akasema, akaenda kutafuta mkasi wake wa kukatia nguo.

Jumamosi zangu zote za utotoni zina harufu ya mbwa aliyeoshwa kwa sabuni ya kipande. Tulikunywa chai na nduma, kisha nyanya akaketi juu ya jiwe bapa lililokuwa chini ya kamba ya nguo, Sweta katikati ya magoti yake. Mimi nilichana, yeye akakata. Sweta alinyoosha shingo kama mzee aliye kwa kinyozi. Ukifika nyuma ya masikio, ambako nywele hupenda kufungamana, anafumba macho na kunung'unika, si kwa maumivu, ni kama anatukumbusha tusiende haraka. Nywele zilizokatwa hatukuzitupa. Nyanya alizitia kwenye viota vya kuku, na kuku wetu walitagia juu ya sufu ya mbwa, jambo ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Zile zilizopeperuka zilichukuliwa na ndege. Ukitazama juu kwenye mti wa mgrevilia ungeona kiota kina rangi ya Sweta.

Jirani yetu, mama mmoja wa mdomo mwepesi, hakupita njiani bila kusimama.

"Mama, huyu kondoo mnamchinja Krismasi au Pasaka?"

"Siku yoyote," nyanya akamjibu bila kuinua macho. "Wewe tutakuletea kwato."

Sweta alikula uji uliobaki, mifupa, na parachichi zilizoanguka, ambazo alizibeba mdomoni hadi kizingitini na kuzila taratibu kama mtu mwenye meza yake. Alilala jikoni, karibu na mafiga, kwenye gunia, na kwa hilo tulisemwa sana. Mbwa kulala ndani kama mtoto! Lakini ndiye aliyesikia kwanza. Wale wekundu walikuwa na meno, yeye akawa na masikio. Wezi wa miraa walipoingia shambani, Sweta ndiye aliyewaamsha wenzake.

Nyanya alikuwa na usemi wake: "Mnyama hana mdomo. Mdomo wake ni yule anayemlisha." Nikiwa mdogo nilidhani maana yake ni kwamba nimwitie chakula kwa wakati. Nimeielewa mwaka huu, na ningependa kama nisingeielewa.

Sasa nikueleze habari ya dawa, kwa sababu kila kitu kiko hapo.

Kwetu ng'ombe hunyunyiziwa dawa ya kupe Jumamosi asubuhi. Hiyo ilikuwa kazi ya baba mdogo. Alibeba bomba mgongoni, akasukuma mkono wake juu na chini, chwi, chwi, ng'ombe wakipiga mikia. Baada ya ng'ombe, mbuzi. Na baada ya mbuzi, ile dawa iliyobaki chini ya bomba hunyunyiziwa mbwa, isimwagwe bure. Kila boma ninalolijua hufanya hivyo. Mbwa wa kawaida hujikung'uta, hukimbia juani mara moja kuzunguka nyumba, na amekauka kabla uji haujapoa.

Nyanya alikuwa mkali sana juu ya dawa hiyo. Aliyeigusa alinawa mikono kwa sabuni ya kipande hadi viwikoni, akasuuza, akanusa viganja vyake, na kama harufu bado ipo, akachukua sabuni tena. Ndipo akaruhusiwa kugusa kikombe. Baba mdogo alifanya hivyo kila Jumamosi, nyanya amesimama nyuma yake kama mwalimu.

Sweta hakuwa hata na mwaka baba mdogo alipomnyunyizia pamoja na wale wekundu. Sikumlaumu siku hiyo na simlaumu hata leo kwa siku hiyo. Hakujua. Hakuna aliyejua. Wale wawili walikimbia wakakauka. Sweta alijikung'uta pia, lakini nywele zake zilikuwa zimeinywa ile dawa kama godoro lililoachwa mvuani. Alikwenda kivulini, akaanza kujilamba. Saa za chakula cha mchana nilimkuta nyuma ya tangi la maji, mate yanamtoka mfululizo, miguu inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Nilipiga kelele. Nyanya akaja na mkasi, akaketi pale chini kwenye tope, akakata. Hakuchagua wala kupima. Alikata mpaka kwenye ngozi, mgongo, tumbo, miguu, mimi nikimwaga maji na yeye akisugua kwa sabuni, kisha maji tena, kisha sabuni. Sweta alibaki mwekundu na mdogo kama panya. Nyanya akamfunga kwenye leso yake, akakaa naye karibu na moto hadi alipoacha kutetemeka.

Halafu akamwita baba mdogo. Hakumgombeza. Alimwonyesha lile rundo la nywele zilizolowa.

"Nusa," akamwambia. Akanusa. "Ng'ombe ana ngozi. Wale wengine wana ngozi. Huyu ana blanketi, na dawa ikiingia kwenye blanketi haitoki. Sweta hanyunyiziwi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Na kupe?"

"Ana vidole vya huyu." Akanishika mkono.

Hiyo ikawa kazi yangu. Kila Jumamosi, kabla ya kuchana, nilimpapasa Sweta kidole kwa kidole, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, ndani ya masikio, na kila kupe niliyemtoa alitumbukia kwenye mkebe wa mafuta taa. Baba mdogo alikuwa akinipita na bomba lake na kutania, "Mama, leo umechuma debe ngapi?" Alipofika kwa mbwa alinyunyizia wale wawili, na Sweta alipomsogelea, kwa kuwa alimpenda, alimsukuma kwa mguu polepole asiguswe na matone. Ninasema hivi ili ujue ninayemwekea chuki si mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema. Wakati wa ukungu wa Julai alimtia Sweta ndani ya koti lake, kichwa kikichungulia kwenye vifungo, wakaenda kukagua miraa pamoja.

Nilipokuja Embu kutafuta kazi, Sweta alikuwa ameanza kuota mvi kuzunguka mdomo. Nyanya aliendelea na Jumamosi zake peke yake. Nilikwenda kila nilipopata nafasi, na mara zote nilimkuta amechanwa, hata mikono ya nyanya ilipoanza kutetemeka na Sweta akawa na ngazi ngazi mgongoni kama shamba la mteremko.

Nyanya alituacha mwaka jana, msimu wa baridi. Siku zake za mwisho alikaa kwenye kiti nje, na siku moja mimi nikiwapo alimwita baba mdogo akamwambia mambo ya shamba, ya ng'ombe, ya mpaka na jirani. Mwisho akasema, "Na Sweta hanyunyiziwi." Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, akatabasamu. "Najua, mama. Nitamtunza." Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Kwenye mazishi Sweta alilala chini ya viti vya hema, macho yake yameshaingia weupe, na watu wakamfukuza kwa miguu ili wapitishe sahani. Nilimbeba nikamweka jikoni kwenye gunia lake. Nilitaka kuondoka naye siku ile ile. Mwenye nyumba niliyokuwa nikipanga hakutaka mbwa. Nikaanza kutafuta chumba kingine, na nilichukua muda mrefu, kwa sababu mji hauna huruma na mtu anayetafuta chumba cha watu wawili na wa pili ni mbwa. Kila nilipokwenda nyumbani nilimkuta nywele zimeshikana zaidi. Nilikata nilichoweza. Baba mdogo alisema yuko na kazi nyingi, na kwamba kumchana mbwa ni mambo ya watu wa Nairobi. Nilitoa kupe, nikachana, nikarudi Embu.

Mwezi wa Machi mama mmoja hapa Majimbo alikubali. Ana uwanja mdogo wenye ua. Alisema, "Mlete, bora asile kuku wangu." Nilicheka peke yangu njiani, nikiwaza kwamba kuku wake wangetagia sufu. Jumamosi ile niliondoka mapema. Pale Meru mjini nilishuka karibu na soko la Gakoromone, nikanunua mkasi na kitana kwa mchuuzi, kisha nikapanda gari la Mikinduri.

Nilimkuta baba mdogo na mkewe wameketi kivulini wakifunga miraa kwenye majani ya ndizi. Walinikaribisha. Nikauliza Sweta yuko wapi, kwa sababu kila siku hunisikia langoni.

"Hiyo mbwa ilikuwa mzee, Mama," akasema. "Ililala tu Alhamisi, haikuamka."

"Mmemzika wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Kulikuwa na shimo jipya la ndizi, limefunikwa udongo wenye mbolea, na mche umesimama juu yake.

"Shimo lilikuwa tayari. Nikaona isipotee bure." Akacheka kidogo. "Hiyo ndizi itazaa mpaka utashangaa. Mkungu wa kwanza ni wako."

Mkewe hakucheka. Aliendelea kufunga kifungu kile kile, akakifungua, akakifunga tena. Mimi nilikuwa bado nimebeba katoni yenye matundu. Sikujua nimwangalie nani.

"Mama, usiniangalie hivyo," akasema. "Ni mbwa tu."

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Mimi sijawahi kumjibu mtu mzima wa kwetu. Lakini alikuwa ameniita Mama, na miaka yote hiyo nilikuwa nimeitika.

"Mimi ni nani yako?" nikamwuliza.

"Si wewe ni Mama?"

"Basi Mama anakwambia uchukue jembe umtoe."

Alinitazama akingoja nicheke. Sikucheka. Akamgeukia mkewe, na mkewe akasema kwa sauti ya chini, "Chukua jembe, baba watoto." Akainuka.

Aling'oa mche akaulaza kando, kwa uangalifu, mizizi isiumie. Akachimba, kisha akapiga magoti akatoa udongo kwa mikono. Alikuwa amemtia kwenye mfuko wa mbolea. Nilifungua mimi. Sitakueleza nilichokiona, si lazima. Nitakueleza nilichokinusa. Juu ya udongo, juu ya samadi, juu ya kifo chenyewe, zile nywele ndefu zilizoshikana zilikuwa zinanuka dawa ya kupe. Nilisukuma vidole hadi kwenye ngozi na huko bado kulikuwa na unyevu.

"Ulimnyunyizia," nikasema.

"Kupe walikuwa wamemjaa, sikungoja Jumamosi. Hakuna mtu wa kuwatoa."

"Ulisahau alichosema nyanya?"

Angeweza kusema ndiyo. Ningemwamini, ningelia, ningemsamehe kabla sijafika Meru. Alifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Sikusahau," akasema. "Nilidhani hayo yalikuwa mambo ya mama. Na mama si amekwenda."

Nimeyageuza maneno hayo kila siku tangu Aprili, nikiwa kwenye cherehani, nikiwa kitandani, nikiwa kanisani. Ninayo hasira ambayo sijui niiweke wapi. Mpaka na jirani ulikuwa jambo la mama pia, na hajauhamisha hata kwa hatua moja. Ng'ombe walikuwa wa mama, na anawajua kwa majina. Aliyakumbuka yote aliyoambiwa kwenye kile kiti, akachagua lile moja ambalo mwenyewe hana mdomo wa kudai. Alimwona akinywa ile dawa kwa nywele zake. Aliwahi kuona mwisho wake ulivyo, alinusa lile rundo. Kisha akaning'iniza bomba ukutani akaendelea na Alhamisi yake. Jiwe bado lipo chini ya kamba, lakini sasa wanakaushia maharagwe juu yake. Viota vya kuku vina majani makavu kama vya kila mtu. Mkasi wa nyanya nilipouliza, wakasema ulipotea. Ninapokumbuka utoto wangu sasa, harufu ya sabuni ya kipande haiji peke yake, inakuja na ile nyingine nyuma yake, na hilo ndilo sitaweza kumsamehe. Aliingia hata kwenye Jumamosi zangu.

Tulimzika tena, kando ya jiwe, ndani ya katoni ambayo ingempeleka Embu. Mimi nilichimba, baba mdogo akaomba kunisaidia, nikamwachia amalizie kwa sababu nilikuwa nimeishiwa nguvu. Tulipomaliza, mkewe alileta karai la maji ya moto na sabuni ya kipande, akaviweka chini kati yetu.

Baba mdogo akainama kwanza. Mimi nilisimama nyuma yake, mikono ikininuka, nikingoja zamu yangu. Alijisugua vidole, viganja, akapanda hadi viwikoni. Akasuuza. Akaleta viganja puani, akanusa, kisha akachukua sabuni tena.